Raketi ngumu ya kontroo: miezi miwili uwanjani, nilipofaidi na nilipolia

KiooChaNyuma

Wakuu salama? Huu uzi nimeuchelewesha makusudi, nilitaka nicheze kwanza nijue nachosema, sio ile ya mtu kanunua jana leo kashaandika risala. Ntaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwa kama mwaka na nusu nilikuwa natumia raketi laini ya padeli (ule mchezo kama tenisi, uwanja umezungushiwa vioo na mpira ukishadunda unaruhusiwa kugonga kioo), povu laini ndani, uso wa fibaglasi, umbo la tone la maji. Miezi miwili iliyopita nikahamia raketi ngumu ya kontroo: umbo la duara, EVA ngumu (aina ya povu) ndani, uso wa kaboni, gramu 365 kabla ya ovagripu (utepe wa kuzungushia mpini), uzito umekaa chini karibu na mkono. Kampuni siitaji, nikiitaja tu mashabiki watahamia hapa na mada itafia hapo hapo.

Siku ya kwanza kilichonishtua ni sauti. Ile ya zamani ilikuwa inasema "pof", hii inasema "ta!", kavu, kama umegonga mlango. Na mkononi ni hivyo hivyo, kila mpira unausikia umegusa wapi, ukiupata katikati ni raha, ukiupata pembeni kidogo tu mkono unapewa taarifa papo hapo. Tulichapwa 6-2 6-1 na watu ambao wiki moja nyuma tuliwafunga, na makosa mengi yalikuwa yangu na karibu yote ya aina moja, mpira kufa mfupi.

Nilivyokuja kuelewa baadae ni hivi. Raketi ya padeli haina nyuzi kama ya tenisi, kwaiyo kinachobonyea ni lile povu na uso wenyewe. Povu laini mpira ukigusa linabonyea afu linausukuma, hata ukichomeka tu raketi bila kupiga mpira unatoka. Povu gumu mpira wa polepole haulibonyezi, kinachotoka ni kile ulichoingiza. Hujaingiza kitu, hakitoki kitu.

Mfano mmoja bado unaniuma. 40-40, pointi ya dhahabu, yaani pointi moja ya kuamua gemu, mi nacheza upande wa kulia. Wakatuma lobu, mpira wa juu, ikanipita begani, ikadunda, ikagonga kioo cha nyuma ikatoka imechoka, iko chini ya goti. Nimechelewa, miguu imeganda, nikafanya nilichozoea: raketi chini, kifundo cha mkono kidogo, nyanyua. Na ile ya zamani ule mpira unavuka, sio lobu nzuri ila unavuka. Huu ulipanda vizuri kabisa, nikausindikiza kwa macho, ukashuka upande wetu hatua moja kabla ya wavu. Patna kaniangalia, hakusema neno, kaenda kuokota mpira.

Sasa kilichonifanya nisiirudishe kabatini ni neti. Wiki ya tatu kuna jamaa ana mkono mzito kanipigia mpira wa kifuani toka katikati ya uwanja, sina muda wa chochote, nikaweka tu raketi mbele ya kifua nikalegeza mkono. Mpira ukagusa ukadondoka upande wao, ukadunda mara mbili hata mita mbili haujafika. Ile laini mpira kama ule ilikuwa inaurusha hadi kioo cha nyuma, unagonga, unawarudia usawa wa kiuno, wanamalizia kama wamepewa zawadi. Mwaka na nusu nilijua voli zangu (mipira ya kupiga kabla haijadunda) ni mbovu, kumbe nusu ya tatizo raketi ilikuwa inaniongezea nguvu ambayo sijaiomba!

Wenye uzoefu shusheni nondo, na mnaotaka kuuliza ulizeni.

Njiti

Nimeweka kambi.

MkonoMzito

Mkuu umenichanganya. Mi siku zote nimeambiwa raketi ngumu ndo ya nguvu, laini ndo ya kontroo. Sasa we unasema ngumu ni ya kontroo, tumshike nani?

KiooChaNyuma

@MkonoMzito wote wako sawa mkuu, inategemea unapiga kwa kasi gani. Chukulia godoro jembamba. Ukilirukia taratibu linakurusha, ukilirukia kwa uzito wote unafika kwenye mbao, halina tena cha kukurudishia. Povu laini ndo hivyo, mipira ya taratibu linakusaidia sana, ila ukivuta mkono wote kwa smashi linafika mwisho na pale kwenye mwisho mpira unatoka popote. Ngumu haifiki mwisho. Kwaiyo mtu mwenye mkono wa kasi atakwambia ngumu ina nguvu na hadanganyi. Mi ambae mkono wangu ni wa kawaida naona kontroo, kwasababu mpira unatoka kulingana na nilivyopiga, nikipiga nusu unatoka nusu, hakuna siku umetoka robo tatu.

Na umbo nalo usilisahau. Hii yangu ni ngumu lakini duara, kitovu (pale mpira unapotoka vizuri zaidi) kiko katikati na ni kipana, kichwa chepesi. Ukichukua povu lile lile ukaliweka kwenye umbo la almasi, uzito ukapanda juu na kitovu kikasogea juu na kubana, hiyo ni silaha ya watu wengine kabisa.

LobuNaMaombi

Swali la msingi: inasaidia mtu asiekimbia?

DadaBandeja

@LobuNaMaombi hapana 😂 hiyo ndo raketi ya mwisho kumpa mtu asiekimbia.

Kaka @KiooChaNyuma umeandika vizuri ila kuna sehemu umeionea raketi. Nacheza na ngumu mwaka wa nne sasa, na ule mpira wako wa pointi ya dhahabu haukuuliwa na povu, uliuawa na miguu, mwenyewe umeandika "miguu imeganda". Na laini ulikuwa unavuka, sawa, lakini unavuka uende wapi? Unaenda juu ya kichwa cha mtu aliesimama kwenye neti anakupiga smashi. Ulikuwa unapoteza pointi ile ile, ila unaipoteza sekunde tatu baadae kwaiyo unaona kosa ni la patna.

Lobu na raketi ngumu inatoka magotini. Mpira wa kioo unausubiri, unaingia chini yake, raketi iko chini KABLA mpira haujatoka kwenye kioo sio baada, afu unasukuma kwa mkono mrefu mpaka raketi ifike usawa wa bega la pili. Usiupige, usukume. Mstari wa sevu (wa kuanzishia mpira) uko mita 6.95 toka kwenye wavu na nusu uwanja ni mita 10, kwaiyo nyuma ya mstari kuna kama mita 3 tu. Mi lobu zangu zote nazilenga kwenye kile kipande. Na raketi laini nilikuwa napata moja kati ya tatu hivi, nyingine inagonga kioo moja kwa moja nje, nyingine fupi, na sijui kwanini maana nimepiga vile vile. Sa hivi ikienda fupi najua nimeipiga fupi.

Bandeja ndo usiseme. Ile unarudi nyuma, unakata mpira juu ya bega, lengo sio kuua, lengo ni urudi kwenye neti yako. Na uso mgumu ile spini ya kukata inashika, mpira unadunda unafika kwenye kioo unakataa kupanda. Na laini mpira unakaa kwenye raketi muda mrefu kidogo halafu unatoka na mwendo wa ziada, unagonga kioo unarudi katikati ya uwanja, mtu anakuja kukushukuru.

MkonoMzito

Dada umemaliza. Yaani "mtu anakuja kukushukuru" hiyo ni bandeja yangu kabisa

kiwiko_cha_moto

Nyie mnasifia tu, ngoja mimi nilete upande wa pili wa sarafu maana ningesoma uzi wa hivi mwaka juzi ningekuwa na mkono mzima.

Nilianza padeli sijui hata kushika. Muuzaji mmoja, simtaji, kaniangalia nilivyo mkubwa wa mwili akaniambia "wewe una nguvu, chukua hii", kanipa almasi, kaboni, povu gumu, gramu 375. Jina la mchezaji mkubwa ubavuni. Nikafurahi. Mwezi wa kwanza kila kitu kinaenda neti au kinagonga kwenye fremu, mi nikajua ndo kujifunza. Mwezi wa tatu asubuhi nikishika kikombe upande wa nje wa kiwiko unawaka. Mwezi wa nne siwezi kufungua mlango wa gari kwa mkono wa kulia. Nilikaa nje wiki tisa.

Mtu wa fizio aliniambia kitu ambacho nakiweka hapa kama nilivyokielewa: raketi peke yake haikuniumiza, ni mchanganyiko. Nilikuwa nachelewa kila mpira, napiga nje ya kitovu, na kwasababu sijiamini nabana gripu kama nataka kuivunja. Mtikisiko wote ule hauna pa kwenda, unapanda kwenye zile kano za mkono. Raketi laini ingeumeza kiasi fulani. Ngumu haimezi, inakuletea wewe.

Sa hivi natumia duara, povu la kati, gramu 355, na nimenenepesha gripu kidogo. Kiwiko kimetulia. Sisemi ngumu ni mbaya, nasema mtu asiyeupata mpira katikati mara nyingi aiache kwanza.

KiooChaNyuma

@kiwiko_cha_moto pole sana mkuu, na asante maana hili nililisahau kabisa kwenye post ya kwanza. Mi mwenyewe wiki ya pili nilisikia kama uchovu hapo hapo nje ya kiwiko, nikapunguza nikacheza siku mbili kwa wiki badala ya nne, na nikajilazimisha kulegeza gripu kati ya mpira na mpira. Haikuendelea. Ila ingeendelea ningeiacha, hakuna voli yenye thamani ya mkono.

DadaBandeja

Naongezea kwa kiwiko: mipira. Watu wanacheza na mipira iliyokufa miezi. Mpira wa padeli kwa sheria ukiudondosha toka mita 2.54 unatakiwa kudunda kati ya sentimita 135 na 145. Ukiona wenu haufiki hata kifuani jueni mnapiga jiwe. Na jiwe na raketi ngumu kila mtu anavuta mkono kwa nguvu ili mpira ufike, hapo ndo kiwiko kinapoanza. Mwenye laini haoni tofauti kubwa, mwenye ngumu anaona siku hiyo hiyo.

Njiti

Wakuu mi nauliza, kuna 3K, 12K, 18K. Nikitaka ngumu zaidi nachukua 18K si ndio?

fundi_wa_fremu

@Njiti hapana, na hili swali nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka ila ntajibu tena.

K ni elfu. Inahesabu nyuzi nyembamba za kaboni zilizomo kwenye uzi mmoja unaofumwa. 3K ni nyuzi 3,000, 12K ni 12,000, 18K ni 18,000. Ndo maana 3K ukiitazama ina vidraja vidogo vidogo na 18K ina vidraja vikubwa. Basi. Haikwambii ugumu. Ugumu unatoka kwenye matabaka mangapi yamewekwa, yamelazwa kuelekea wapi, gundi ya aina gani imetumika, na juu ya yote povu lililoko ndani. Naweza kukupa 18K juu ya povu laini ikawa laini kuliko 3K juu ya povu gumu. Nimezipasua nyingi zilizovunjika najua ninachosema.

Na neno "ngumu" lenyewe halina kipimo kimoja. Ngumu ya kampuni hii ni kati ya kampuni ile. Njia ya kweli ni kuiomba ya mtu ucheze nayo seti moja. Ukishindwa, igongeshe kiganjani na nyingine unayoijua, utasikia.

Njiti

Kwaiyo nimeibiwa 😭

fundi_wa_fremu

Hujaibiwa, umenunua kitambaa kizuri.

MzeeWaNeti

Vijana mnajadili vizuri. Mimi nina mawili tu.

La kwanza joto. EVA inabadilika na hali ya hewa. Kwenye baridi inakaza, kwenye joto inalegea. Raketi ngumu asubuhi yenye baridi ni ubao, msishangae mipira yote ikifia neti seti ya kwanza, pasheni nayo polepole. Kwenye joto kali ile ngumu inakuwa kama ya kati na inacheza raha kuliko laini, maana laini kwenye joto inageuka kuwa uji. Na tafadhali msiache raketi kwenye buti ya gari juani. Nina mwenzangu aliiacha wiki nzima, uso ukaanza kuachana na povu, ukiigonga inatoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Ikifika hapo haponi mtu.

La pili, msinunue mkono wa mtu mwingine. Tapia na Coello, wale wachezaji wakubwa wa padeli duniani, wakipiga smashi mpira unatoka nje ya uwanja kabisa, wana mkono, wana mwili, wana maisha yao yote mle ndani. Raketi yenye jina lao ubavuni inakupa jina tu. Kijana alieanza juzi anapaswa kuwa na duara, povu laini au la kati, ajifunze kioo kwanza. Akishajua kioo atajua mwenyewe anataka nini.

LobuNaMaombi

Shikamoo mzee. Mimi kioo naogopa mpaka leo

MzeeWaNeti

Marahaba. Kiogope ila kisubiri, usikikimbilie.

MkonoMzito

Na kuizoea inachukua muda gani? Maana naona watu wanasema povu gumu linahitaji "kufunguka".

KiooChaNyuma

@MkonoMzito yangu mechi tano sita za mwanzo ilikuwa kavu sana, baada ya hapo ikalainika kidogo, sio sana, ile ukali wa mkononi ukapungua. Ila nadhani nilibadilika mimi zaidi yake. Nilianza kuandaa raketi mapema bila kujua, maana ukichelewa unaadhibiwa kila mara, sio mara moja moja.

Pia nilifanya ujinga mmoja ngoja niuseme. Wiki ya kwanza nikaona kichwa chepesi, mpira hauendi, nikabandika protekta nene (utepe wa kukinga fremu) na uzito juu ya fremu, kama gramu 15 hivi. Raketi ikawa na nguvu kidogo lakini pale kwenye neti nikawa nachelewa kila kitu, kichwa kinabaki nyuma. Ile faida yote ya kubadili haraka toka foehandi kwenda bakihandi ikapotea. Nikatoa. Badala yake nikaongeza ovagripu ya pili, gramu kama tano, ziko chini, raketi ikatulia mkononi na nikaacha kubana. Kitu cha kijinga kabisa lakini ndo kilichosaidia.

Halafu ngoja niwaambie cha juzi. Tumebadilishana raketi na patna seti nzima, yeye bado anatumia laini. Gemu la kwanza voli tatu zangu zimegonga kioo chao bila kudunda, tatu! Nilikuwa napiga vile vile ninavyopiga siku zote sasa, na raketi inaongeza chumvi. Upande wa nyuma lakini, aisee, nilijisikia mfalme, nagusa tu inavuka, nilikuwa nimesahau raha ile. Patna yeye kinyume, nyuma alikuwa anatukana kimoyomoyo, ila chikita zake, zile za kushusha miguuni kwa walioko neti, zilikuwa zinalala. Alipiga mbili mfululizo mahali pale pale, mguu wa kushoto wa jamaa yule yule. Kaniuliza "hii inafanya hivi kila siku?"

DadaBandeja

Na mkashinda?

KiooChaNyuma

Tumepigwa 6-4 😂

kiwiko_cha_moto

Aliirudisha lakini?

KiooChaNyuma

Kairudisha baada ya kukumbushwa.

Dada @DadaBandeja bado kitu kimoja kinanitesa. Ule mpira wa kona, unagonga kioo cha pembeni afu cha nyuma, unatoka unakufuata mwilini upande wa bakihandi. Laini nilikuwa naubonyeza tu unaondoka. Hii naishia kuupiga kwenye kioo changu mwenyewe ndo uvuke, na mara nyingi hauvuki.

DadaBandeja

Unaupiga kwenye kioo chako kwasababu umejipanga kwenye kona. Toka. Ukiona utagusa vioo viwili zunguka nao, mgongo uelekee katikati ya uwanja, rudi hatua mbili mbali na kona, uuache ukufikie wewe. Raketi juu ya kiuno kisha ishuke nayo. Na usijaribu kuupiga chini wala kuuharakisha, lobu tu, ya msalaba, ndo njia ndefu zaidi kwenye uwanja unapata nafasi ya kukosea kidogo.

Chukua mtu akurushie kwa mkono, mipira ishirini ishirini, kumi za kwanza usipige kabisa, zunguka tu na uushike mpira kwa mkono wa kushoto. Ukiweza kuushika kumi bila kujigonga kioo, ndo ushike raketi.

KiooChaNyuma

Kuushika kwa mkono?? Haya dada, kesho kutwa naenda na ndoo ya mipira saa moja kabla ya mechi. Patna ndo atarusha, ananidai.

LobuNaMaombi

Ukimaliza na hiyo ndoo nipitishie, mi naanza na ile ya kukisubiri kioo